Kariakoo: Mkongo kauziwa dera 9,000, mimi wa Yombo nikauziwa 15,000. Duka lile lile, saa ile ile

#1 Binti wa Yombo
Wakuu salaam.

Jumamosi nilishuka mwendokasi Msimbazi nikaingia mtaa wa Kongo kutafuta dera la kuvaa kwenye shughuli ya wifi yangu. Mnaujua Kongo ulivyo. Huku spika inapiga "buku buku buku" mpaka sauti imekauka, pale Mchina anasimamia mabegi yanayoshushwa kwenye mkokoteni, hapa mama wa Kizambia kakalia furushi lake anakula embe, na wewe mpita njia unatafuta pa kuweka mguu bila kukanyaga soksi za mtu.

Kijana akanidaka, "dada mweupe njoo uone mzigo mpya" (mimi si mweupe), akanipandisha ngazi mpaka ghorofa ya pili. Dera 18,000. Nikalia shida zangu zote pale, akashuka mpaka 15,000, nikajiona mjanja. Nasubiri chenji, anaingia mama anayeongea Kiswahili cha Kongo, anachagua matatu, moja pacha wa langu, maua yale yale rangi ile ile. Analipa 27,000. Mbele ya macho yangu! Namuuliza muuzaji, hata haya haoni, ananijibu: "Dada, yule ni mteja."

Mimi je, mwizi?

Wenye maduka na wazoefu wa Kariakoo nielewesheni. Kwa nini mgeni apate bei nzuri kuliko mimi niliyezaliwa Dar?

#2 Kobe Mpole
Yeye kachukua matatu, wewe moja. Hiyo ni jumla na rejareja. Uzi ufungwe.

#3 Chumvi ya Bagamoyo
Haufungwi. Matatu ni jumla ya wapi? Jumla ni dazeni.

#4 Mama Vipodozi
Inategemea duka na bidhaa. Kwenye madera na blauzi maduka mengi jumla inaanzia pisi 3, mengine 6. Viatu ndiyo utaambiwa dazeni au katoni nzima. Ndiyo maana tunawaambia kila siku, ukiingia usiulize "hii bei gani", uliza "jumla inaanzia ngapi". Hata kama unataka moja. Muuzaji akisikia hivyo anajua huyu si wa kushikwa mkono.

#5 Wa Jangwani
Dera lilikuwa rangi gani?

#6 Binti wa Yombo
Kijani na maua ya njano. Kwa nini?

#7 Wa Jangwani
Unanunua njano na kijani, rangi za Yanga, kwenye mtaa ulio hatua chache toka makao makuu ya Simba halafu unashangaa umepigwa? Kabla ya kununua ungepita kwetu Jangwani tukupe ulinzi.

#8 Mnyama wa Msimbazi
#7 mkiwa na ulinzi mngelinda kwanza jengo lenu na mafuriko. Tuendelee na mada.

#9 Winga Mstaafu
Dada, mimi nimefanya uwinga pale miaka mingi kabla sijapata meza yangu, acha nikufungue macho.

Kijana aliyekudaka si wa dukani. Ni winga. Hana mshahara, hana stoo, hana fremu. Mtaji wake ni miguu na kujua nani kashusha mzigo gani leo. Duka linampa bei, tuseme 10,000. Anachoweka juu ni chake. Alikutajia 18,000 ili apate pa kushukia, mkakutana 15,000. Hapo 5,000 imeingia mfukoni mwake, na wewe ukaondoka umefurahi. Hakuna aliyekuibia, ulilipia huduma ya kuletwa.

Nikuoneshe namna ya kumjua. Mteja akiingia peke yake, muuzaji wa kaunta anataja bei mwenyewe. Akiingia na winga, muuzaji anakuwa kama bubu. Ukimuuliza bei anamwangalia winga. Winga ndiye anatangulia kusema, mara nyingi anarusha neno kama "hili si la ile bei yetu?" na muuzaji anaitikia kwa kichwa. Wakati huo wewe unaangalia mshono. Ukishalipa, pesa inaingia kwenye droo yote. Winga anarudi baadaye ukiwa ushafika Buguruni, anachukua chake.

Yule mama kaenda mwenyewe kwa bosi anayemjua. Bei yake ndiyo bei ya duka.

Na msiwatukane mawinga. Mzambia akishuka na basi asubuhi anataka kurudi kesho, hawezi kuzunguka fremu mia kutafuta sidiria za saizi zote. Winga anamkusanyia mzigo wote mpaka unafungwa. Siku hizi vijana wengine hawasimami hata barabarani, wanapiga picha dukani, wanaweka "stetasi", mteja wa Mwanza anatuma pesa, mzigo unapandishwa basi.

#10 Binti wa Yombo
#9 asante, umeeleza vizuri, ila kuna kitu sikukiandika. Yule mama naye aliingia na kijana. Kamshikia begi kabisa.

#11 Winga Mstaafu
Huyo atakuwa mpagazi.

#12 Chumvi ya Bagamoyo
Aaah! Akija na wewe ni winga, akija na Mkongo ni mpagazi.

#13 Winga Mstaafu
Alikuwa amebeba begi au hakubeba? Winga habebi begi mkuu, mikono yake ina kazi ya kudaka.

#14 Kobe Mpole
😂😂

#15 Pesa Madafu
Mnazunguka tu. Wakongo wanalipa dola. Duka linahitaji dola kwa ajili ya mzigo wa China, kwa hiyo mwenye dola anapunguziwa. Mwisho wa habari.

#16 Karani
#15 soma uzi. Kalipa 27,000 za Tanzania. Halafu hiyo hadithi ya dola ni ya zamani. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, mgeni anabadilisha kwanza.

#17 Pesa Madafu
Katazo lipo, na Kariakoo ipo.

#18 Karani
Sawa, ila kwa 27,000 mtu atoe dola za nini? Dola ni kwa anayefunga mzigo wa milioni. Huyu ni wa madera matatu.

#19 Mama wa Lubumbashi
Bonjour bote. Miye niko Lubumbashi, ninakuyaka Dar kununua bintu. Musifikiri siye banatupendaka bure.

Dera 9,000, sawa. Sasa weka basi mpaka Tunduma, weka Nakonde, weka Zambia yote mpaka Kasumbalesa, weka gesti ya Kariakoo ile maji inatokaka usiku tu. Kufika kwetu dera ilisha kupanda karibu mara mbili, na muteja wa Lubumbashi naye anataka kupunguziwa!

Mara ya kwanza nilifika, nilisema bonjour tu, banitajia bei ya Wazungu. Nililia gesti. Leo niko na mutu yangu mumoja mu ile mitaa. Mbele ya kutoka Lubumbashi namutumia audio, yeye anawekaka mizigo pembeni. Na risiti ninachukuaka, juu njiani banaiuliza. Haiko kabila, ni mazoea.

#20 Mama Vipodozi
#19 karibu sana mama. Huo ndio ukweli. Mteja wa Kongo, Malawi au Komoro akiridhika anarudi, na akirudi analeta dada yake na shemeji yake. Mimi nina mama wa Moroni tunayefanya naye kazi, hajawahi kunibembeleza bei, na sijawahi kumpandishia. Mteja wa Yombo akinunua dera moja la shughuli namwona tena lini? Shughuli nyingine.

#21 Binti wa Yombo
Sisi wa Yombo tuna shughuli kila wiki 😒

#22 Mzee wa Narung'ombe
Wanangu, mimi nimezaliwa mtaa wa Narung'ombe kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Kiwanja chenyewe leo ni ghorofa. Naona mnazungumza kana kwamba Mkongo kaanza kuja Kariakoo juzi na basi.

Waingereza waliugawa mji huu kwa rangi. Wazungu upande wa baharini, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo. Pale Mnazi Mmoja paliachwa uwanja mtupu ili tusisogeleane. Aliyefika mjini akiwa mweusi, awe katoka wapi, alishukia huku. Angalieni mitaa: Nyamwezi, Pemba, Mafia, Kongo, Swahili. Wamanyema asili yao ni hiyo hiyo Kongo ya mashariki, na msikiti wao upo mpaka leo unaitwa Msikiti wa Manyema. Duka la kona lilikuwa la Mshihiri, anakuuzia chumvi ya senti na anakukopesha akikujua. AKIKUJUA. Hata wakati ule bei ilikuwa inatazama uso.

Soko lilianza 1923 kwenye jengo lililojengwa na Wajerumani. Hili lenye paa la miavuli ya zege, lililoungua juzi 2020, lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Tulikuwa tunakwenda shimoni, ile sehemu ya chini ya soko, kununua nazi na kuku, Mgoa na Mngazija wanagombania fungu moja la bamia. Hakuna aliyeuliza nani mzawa.

#23 Karani
Shikamoo mzee. Somo zuri. Sahihisho dogo, moto ulikuwa usiku wa Julai 10, 2021.

#24 Mzee wa Narung'ombe
Marahaba. 2021, sawa. Ukifika umri wangu miaka inashikana.

#25 Kijana wa Gerezani
Mzee umenikumbusha shimoni. Jamani ule ubaridi wa kule chini, unatoka juani unashuka ngazi, harufu ya dagaa inakupokea kabla hujaona kitu. Baada ya moto serikali ikatenga bilioni 28 kukarabati lile la zamani na kujenga jipya pembeni yake. Wafanyabiashara wengi wakahamishiwa masoko mengine, na wengine ndio wakazidi kujaa barabarani. Mimi nadhani ndipo bei zilipovurugika. Zamani meza ilikuwa na jirani, ukimpiga mteja jirani anakusema. Sasa mtu yuko kwenye mkeka, kesho hayupo.

#26 Mama Vipodozi
#25 dera la dada lilinunuliwa ghorofani, si kwenye mkeka. Na kodi ya fremu unaijua wewe? Kuna kodi, kuna kilemba cha kumpa aliyekuachia fremu, hapo hujawasha taa. Hiyo 5,000 ambayo #9 anasema winga kaila, duka lenyewe saa nyingine halipati nusu yake kwa dera.

#27 Mpare Halisi
Nyie wote mmekwepa Mchina. Mchina analeta kontena lake, anauza jumla, anauza rejareja, ana duka chini na stoo juu. Mswahili anachukua kwake, anaweka chake. Winga anaweka chake. Mpaka inafika Yombo dera limepita mikono mitatu. Mkongo anakwenda kwa Mchina moja kwa moja.

#28 Karani
Mpare, ilikuwa hivyo kwa kiasi. Julai 2025 ilitoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara: jumla na rejareja, kutengeneza simu, saluni, uwakala wa pesa za simu, udalali na nyinginezo. Mgeni akikamatwa faini si chini ya milioni 10 au jela mpaka miezi 6. Mtanzania anayemfichia naye ana yake, milioni 5 au miezi 3.

#29 Mpare Halisi
Na leseni ikiwa na jina la Mswahili, Mchina akakaa nyuma ya pazia na kikokotoo?

#30 Karani
Ndiyo maana nikataja adhabu ya Mtanzania.

#31 Kijana wa Pumwani
Sasa nyinyi Watanzania mlitufukuza 2025 tusifanye biashara kwenu, na bado mnaonea mama wa watu wivu akinunua? Nawasalimu kutoka Nairobi.

Huku Eastleigh hatuna hizo hadithi ndefu. Unauliza, unaambiwa "mwisho ni mia nane", unalipa ama unatoka. Nyinyi mnasalimiana, mnaulizana nyumbani, mnaitana dada mweupe, ndio mtaje bei. Lazima mtu awekewe hiyo stori kwa bili.

#32 Karani
Amri haikatazi mtu kununua, ndugu yangu. Nunueni mpaka mchoke.

#33 Shangazi wa Section Three
Kijana wa Pumwani usidanganye watu. Mimi nimeishi Eastleigh, bei inategemea sura kama huko tu. Nikienda na jirani yangu Msomali, buibui la 2,500 linakuwa 1,800. Nikienda peke yangu, "mama hii ni ya Dubai".

Na Eastleigh yenyewe ilianza kwa kujuana. Garissa Lodge ilikuwa gesti. Somalia ilipovunjika 1991, wakimbizi wakakodi vyumba pale, mchana nguo zinatandazwa juu ya kitanda zinauzwa, usiku zinatolewa watu wanalala. Ukiuziwa ni kwa sababu umeelekezwa na mtu. Siku hizi ni majengo ya vioo lakini tabia ni ile.

#34 Kijana wa Pumwani
Shangazi umeniaibisha mbele ya majirani.

#35 Fundi Saa
Mimi nauza asubuhi sana, nina nadharia nyingine. Mteja wa kwanza wa siku hafukuzwi. Hata akitaja bei ya kukutia hasara kidogo unampa, afungue biashara. Labda yule mama ndiye aliyefungua.

#36 Binti wa Yombo
Mimi ndiye niliyetangulia! Hata chenji alienda kuitafuta duka la pili.

#37 Fundi Saa
Basi wewe ulifungua, yeye akala baraka zako.

#38 Msomi wa Mlimani
Mnatafuta sababu moja kwenye kitu chenye sababu nyingi. Bei isiyoandikwa ni makisio ya muuzaji juu ya mambo mawili, huyu anajua kiasi gani na huyu atarudi. Dada alionekana hajui na harudi. Mama alionekana anajua na anarudi. Lugha, begi, namna ya kushika kitambaa, yote ni dalili. Mwambie mama Mkongo avae kama wewe aende duka asilolijua, atauziwa 18,000.

#39 Chumvi ya Bagamoyo
Mkuu hilo la kushika kitambaa ni kweli. Bibi yangu alikuwa halitazami ua. Anageuza upande wa ndani, anavuta mshono wa begani kwa vidole viwili, anaunusa (sijui ananusa nini), analirudisha bila kuuliza bei. Muuzaji mwenyewe ndiye anamfuata. Mimi nikijaribu naulizwa kama nina mafua.

#40 Mgeni Njiani
Wakuu samahani, natoka nje ya mada kidogo. Natarajia kuja Dar mwezi ujao kutoka Songea, sijawahi kufika Kariakoo. Ni salama? Nasikia vibaka.

#41 Kijana wa Gerezani
Salama, ila begi livae kifuani, na usitoe simu katikati ya msongamano. Na usinunue simu ya mkononi kwa mtu anayetembea nayo hata kama anasema kafiwa. Atakuonesha simu nzima, utaiwasha, utapiga picha, mtakubaliana. Kisha anaichukua "nikufungie vizuri, vijana wasione", anaizungushia gazeti na gundi. Ukifika Mbagala unafungua kipande cha sabuni ya mche.

#42 Mnyama wa Msimbazi
Mimi nilipata sabuni, mwenzangu alipata kigae. Angalau mimi nilifua.

#43 Mama Vipodozi
#40 njoo saa moja asubuhi, watu wachache na wauzaji wana subira. Tangu Februari 2025 ilizinduliwa pia biashara ya saa 24, kwa hiyo hata usiku kuna wanaofungua, japo si mitaa yote. Ukichoka jioni tafuta pweza.

#44 Wa Jangwani
Supu ya pweza ya Kariakoo si ya kumpa mgeni wa Songea aliyemwacha mke nyumbani.

#45 Mzee wa Narung'ombe
Tuheshimiane humu kuna watu wazima.

#46 Pesa Madafu
Bado nasema dola.

#47 Karani
Tumekusikia.

#48 Mpare Halisi
Hakuna aliyegusa lile la risiti alilotaja #19. Huenda bei ya 9,000 ni bila risiti na 15,000 ni na risiti. VAT 18 kwa mia si mchezo.

#49 Binti wa Yombo
Mimi sikupewa risiti. Mama alipewa.

#50 Kobe Mpole
Kumbe hata serikali ilipata kwa Mkongo kuliko kwako 😂 Dai risiti dada, ni wajibu wako kisheria.

#51 Mama wa Lubumbashi
Nilisema miye ninachukuaka risiti! Dada, rudi kwa ile duka, mara hii pita peke yako, salimia bosi, uliza mutoto yake iko aje. Mara ya tatu atakupa bei.

#52 Binti wa Yombo
Mama, kwa nauli ya mara tatu si nitakuwa nimeshalipa hiyo 15,000?

#53 Mama wa Lubumbashi
Hahaha, na miye je, wa Kasumbalesa? Winga Mstaafu, mashuka ya sita kwa sita sasa bei gani?

#54 Winga Mstaafu
Mama njoo pembeni, nakupigia hesabu nzuri.

#55 Binti wa Yombo
Na mimi?

#56 Winga Mstaafu
Wewe unataka mangapi?